Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia kupitia simu

Saa mbili usiku, mama mmoja anayeishi Kihesa, mjini Iringa, amemaliza kuosha vyombo na anapitia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kuuza na kununua. Mwanawe wa kwanza amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu jijini Mbeya na ameambiwa kompyuta ni muhimu. Dukani, kompyuta mpakato iliyotumika ya aina anayoitaka inauzwa kama sh700,000. Kwenye kundi kuna mtu anaiuza sh450,000.

Picha ni nzuri na maelezo yanaeleweka. Muuzaji anasema yuko Mbeya, anahamishwa kikazi na hataki kubeba vitu vingi. Anajibu kwa adabu: “Shikamoo mama, ipo bado, ila kuna mtu wa Tukuyu anakuja kuichukua asubuhi. Ukitanguliza laki na nusu nakushikia.” Mama anatuma sh150,000.

Asubuhi anapokea picha ya risiti ya mzigo kutoka ofisi ya basi. Baadaye anaombwa sh20,000 ya nauli ya mzigo. Saa sita mchana kuna jambo jingine: mzigo umezuiwa, zinatakiwa sh60,000 za kuuachia, na fedha hizo atarudishiwa. Anatuma. Jioni basi linaingia stendi ya Igumbilo, anakwenda kuulizia, hakuna mzigo wenye jina lake. Namba ya muuzaji haipatikani tena. Sh230,000 zimekwenda, na kompyuta hakuna.

Huo ni mfano, lakini hatua zake ni zilezile ambazo familia nyingi zimezipitia, iwe walikuwa wakinunua simu, friji, cherehani, kitanda cha mtoto au pikipiki. Kinachoumiza zaidi si fedha tu. Mara nyingi ni ada, kodi ya nyumba au akiba ya kikoba iliyokopwa kwa siri. Aliyetapeliwa huona aibu kusema, na ukimya huo humpa tapeli muda wa kutoa fedha na kutafuta mtu mwingine.

Umbali ndiyo silaha yake

Kati ya Iringa na Mbeya kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu inayopita Mafinga na Makambako. Mnunuzi hawezi kupanda basi kwenda kuangalia kompyuta ya sh450,000 kisha arudi siku hiyohiyo bila kupoteza nauli na kazi. Tapeli anajua hesabu hiyo. Ndiyo maana mtu wa Iringa huambiwa bidhaa iko Mbeya, na wa Mbeya huambiwa iko Iringa, Dodoma au Dar es Salaam. Ukisema una ndugu hukohuko, ghafla muuzaji naye amesafiri.

Silaha ya pili ni haraka. Kila mara kuna mteja mwingine yuko njiani, na bei hiyo ni ya leo tu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hapa usemi huo unapimika kwa shilingi. Muuzaji wa kweli naye hupenda kuuza mapema, lakini hatakasirika ukimwambia kuna mtu wako atakuja kuiona kesho saa nne.

Silaha ya tatu ni malipo madogo madogo. Hakuombi fedha yote kwa mara moja. Anaanza na kiasi ambacho unaona unaweza kukihatarisha. Ukishatuma, kila ombi linalofuata linakuja na ahadi ya kuokoa kile ulichokwisha kutoa. Mama wa Kihesa hakutuma zile sh60,000 kwa sababu alimwamini sana muuzaji. Alizituma kwa sababu alikuwa tayari ameshatoa sh170,000. Mzazi akijua hilo, ana kanuni moja rahisi: ombi la pili la fedha kabla ya kuona bidhaa ni mwisho wa mazungumzo.

Jina linalotokea kwenye simu

Wengi hujipa moyo kwamba laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mwizi atapatikana. Ni kweli usajili huo ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa zilianza kufungiwa baada ya Januari 20, 2020. Ni kweli pia kwamba ukituma fedha kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, jina la mpokeaji huonekana kabla hujathibitisha.

Soma jina hilo taratibu. Kama muuzaji amejitambulisha kwa jina la kiume na kwenye simu linatokea la mwanamke, au akisema “hiyo ni namba ya wakala” au “ya dereva wa basi”, simamisha malipo. Mtu anayeuza kitu chake ana namba yake.

Lakini hata majina yakifanana, hiyo si dhamana. Matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine: bibi wa kijijini aliyeambiwa aweke kidole mara mbili kwa sababu “mtandao unasumbua”, au kijana aliyepewa elfu mbili ili asajilie mtu laini. Polisi wakifuatilia, mlango wa kwanza watakaogonga ni wa bibi huyo.

Kwa hiyo kuna kazi ya nyumbani ya dakika moja kwa kila mtu mzima katika familia. Piga *106# na ufuate maelekezo ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika uikane. Wasaidie na wazazi wako walioko Rungwe, Mufindi au Kilolo kufanya hivyo, kwa sababu wao ndio hutumiwa vidole bila kujua.

Akaunti ya mtu unayemfahamu

Kuna utapeli mwingine unaowapata hata walio makini. Tangazo halitoki kwa mgeni, bali kwenye namba ya jirani, muumini mwenzako au mzazi mliyefahamiana shuleni. Anauza friji au anasema shemeji yake anauza. Kumbe akaunti yake ya WhatsApp imetekwa baada ya kumpa mtu ile namba ya siri ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yake.

Dawa yake ni sauti. Mpigie mhusika simu ya kawaida, si kupitia WhatsApp, muulize jambo ambalo mnalijua ninyi wawili. Na wafundishe watoto kwamba namba ya siri inayoingia kwenye simu haisomwi kwa mtu yeyote, hata akisema ni mwalimu, ni wa benki au ni mtu wa huduma kwa wateja.

Tumia ndugu ulio nao

Familia za Nyanda za Juu Kusini zina utajiri ambao tapeli hana jibu lake: karibu kila nyumba ya Iringa ina mtu Mbeya, na ya Mbeya ina mtu Iringa. Wifi anauza Mwanjelwa, binamu ni bodaboda wa Soweto, mtoto wa shangazi anasoma chuo, mwenzako wa jumuiya ana dada Ipogolo. Huyo ndiye jicho lako.

Mwambie muuzaji: “Mtu wangu atakuja kuiona, ikiwa sawa atakulipa hapohapo.” Maneno hayo peke yake huwaondoa wengi. Ukimtuma mtu, mpe nauli na fedha ya soda, na mpe orodha ya vitu vya kuangalia. Elfu tano au kumi ya usumbufu ni ndogo kuliko hasara ya laki mbili.

Kama huna mtu kabisa, subiri au nunua dukani karibu nawe. Bei itakuwa juu kidogo, lakini utapata risiti na mahali pa kurudi kesho. Kwa familia yenye kipato kidogo, kitu kilichochelewa mwezi mmoja kina nafuu kuliko fedha iliyopotea.

Kuhusu kupokea mzigo kwa basi, picha ya risiti si ushahidi. Piga simu ofisi ya mizigo ya kampuni hiyo kwa namba uliyoipata stendi, si aliyokupa muuzaji, uulize kama mzigo umepokelewa kwa jina lako. Hata ukiwepo, risiti haisemi ndani kuna nini. Wapo waliofungua boksi la simu wakakuta kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa vizuri.

Mkutane wapi?

Mkiwa mji mmoja, hatari hubadilika sura. Sasa si fedha tu, ni usalama wako. Kutana na muuzaji mchana, mahali penye watu: maduka ya simu ya Kabwe au Mwanjelwa kwa Mbeya, Miyomboni au Mashine Tatu kwa Iringa. Usikubali kuongozwa hatua kwa hatua kwenda uchochoroni, “njoo mbele kidogo, nyumba ya pili kulia.” Kama ni kitu kikubwa kama kabati au friji na ni lazima uende nyumbani kwake, nenda na mtu mwingine, na mwache mtu wa tatu akijua mtaa mnaokwenda.

Usibebe fedha taslimu nyingi. Lipa kwa simu baada ya kukagua, mkiwa mmesimama pamoja. Mama anayekwenda peke yake, au aliyebeba mtoto mgongoni, asione aibu kuahirisha hadi apate mwenza.

Kagua kabla ya kulipa

Simu. Piga *#06#. Namba ya IMEI itakayotokea ilingane na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama inatambulika. Wazazi wengi wanakumbuka Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia, na watu wakaamka na simu isiyo na mtandao. Simu isiyotambulika haifai hata ikiuzwa elfu ishirini.

Kisha mwombe muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, aifute simu yote na uiwashe upya. Ikidai nywila ya mtu mwingine, usiichukue. Uliza pia kama imechukuliwa kwa mkopo. Siku hizi simu nyingi hulipiwa kidogo kidogo, na mwenye mkopo akiacha kulipa simu hujifunga yenyewe. Ukiinunua leo, wiki ijayo unaweza kubaki na kioo cheusi wakati deni ni la mtu usiyemjua. Televisheni na mitambo ya sola nayo huuzwa kwa mtindo huo.

Kompyuta mpakato. Iwashe, chomoa waya wa umeme na ukae nayo nusu saa uone betri inavyoshuka. Bonyeza kila herufi, jaribu kamera, spika na intaneti. Hakikisha haina nywila ya ofisi, shule au mwajiri wa zamani.

Friji na vyombo vya umeme. Friji iwashwe kabla hujafika, ukute imeshapoa, na usikilize mlio wake. “Umeme umekatika” ni sababu ya kurudi kesho, si ya kulipa leo.

Pikipiki. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza. Angalia deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa Polisi kwa kutumia namba ya usajili, kisha mwende pamoja kubadilisha umiliki kupitia TRA. Pikipiki inayouzwa “bila kadi, kadi nitakuletea” ni mzigo wa kesi.

Nguo na vifaa vya mtoto. Kitanda na kigari cha mtoto vikaguliwe misumari, breki na nyufa. Godoro lililotumika lifunuliwe mishono uone kama lina kunguni. Ukiwaingiza nyumbani, utatumia fedha nyingi kuliko ulizookoa.

Kitu cha wizi kina gharama yake

Bei ya chini sana haimaanishi utapeli tu, inaweza kumaanisha wizi. Hapa fedha unapewa thamani yake, kitu unakipata, na kesi unaipata pia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inafanya kupokea mali ya wizi kuwa kosa, iwapo ulijua au ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Simu ya laki sita iliyouzwa elfu themanini jioni stendi, bila boksi wala chaja, ni sababu ya kutosha kujiuliza.

Kwa kitu chenye thamani, andikishaneni hati ya mauziano. Haihitaji lugha ngumu. Ziandikwe: jina la muuzaji na mnunuzi, namba za vitambulisho na simu, aina ya kitu na namba yake ya IMEI au ya chesisi, bei, tarehe na sahihi za mashahidi. Ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kufanyia hivyo. Mwenye mali halali hatakimbia kuingia kwa mwenyekiti. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali bila hati inaweza kukupeleka kituoni.

Na wewe ukiwa muuzaji

Mzazi anayeuza kitanda ambacho mtoto ameshakikulia naye hutegwa. Mnunuzi anakuonyesha ujumbe kwamba fedha imeingia, au ujumbe unakuja kwenye simu yako ukifanana na ule wa kampuni ya simu. Usikabidhi kitu kwa sababu ya ujumbe. Angalia salio lako kwa kupiga menyu ya huduma: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money na *150*88# kwa HaloPesa. Salio halijaongezeka, fedha haijaingia. Na anayesema “nimezidisha kwa bahati mbaya, nirudishie” asubiri uthibitishe kwanza na kampuni ya simu.

Fedha ikishatoka

Saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini. Piga simu huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kutuma, uwape namba ya muamala na uombe fedha izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Usipoteze muda kubembelezana na tapeli wala kumtukana, maana akijua umeshtuka ataitoa haraka.

Usifute chochote. Hifadhi mazungumzo, picha za tangazo, risiti za miamala na namba zote alizotumia. Namba ya tapeli itoe taarifa kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, toa maelezo na uchukue RB. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kujipatia kitu kwa udanganyifu ni kosa pia chini ya Kanuni ya Adhabu. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya kwa wanaohitaji msaada kuhusu huduma za mawasiliano.

Kuwa mkweli kwako mwenyewe: fedha iliyokwisha kutolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. Jihadhari na mtu wa pili atakayekupigia akisema anaweza kukurudishia fedha zako kwa malipo kidogo. Mara nyingi ni yuleyule, au mwenzake.

Zungumzeni kabla, na baada

Nyumba nyingi hupanga bajeti ya unga na ada, lakini hazina makubaliano kuhusu kununua kwa simu. Wekeni moja. Kwa mfano: kitu cha zaidi ya sh50,000 kutoka kwa mtu msiyemjua hakilipiwi mpaka watu wawili wa nyumba wawe wameona tangazo, na mmoja wa kuaminika awe ameona kitu chenyewe. Kanuni hiyo iwahusu wote, baba, mama na kijana aliyemaliza kidato cha sita anayesubiri matokeo na simu mkononi.

Kijana wa umri huo hutapeliwa kwa viatu, simu na vifaa vya michezo ya kompyuta, kisha hunyamaza kwa kuogopa kuitwa mjinga. Wapo wanaokopa kwa wenzao ili kufidia wazazi wasijue, na deni likakua. Mzazi aseme mapema: “Ukitapeliwa, nijulishe saa hiyohiyo, hatutaanza na ugomvi.” Akija, muanze na simu ya kuzuia fedha. Mafunzo yafuate jioni.

Hata kati ya mume na mke, swali la kwanza liwe “namba ya muamala iko wapi?” na si “nani alikutuma?” Tapeli anaishi kwa aibu ya watu aliowaibia. Mama wa Kihesa aliyeficha hasara yake anamwacha muuzaji huyo huru kwenye kundi lilelile, akiwasubiri wazazi wengine ambao watoto wao wanakwenda chuo. Akiieleza kundini, pamoja na namba na picha za tangazo, kompyuta ile haitauzwa mara ya pili hapo.